Kiti cha mtoto ndani ya ndege: mambo ya kupanga kabla ya kutoka Mwanza

Kiti cha mtoto cha gari ambacho hakikukatiwa tiketi ni mzigo kama mizigo mingine, na busta, yaani kile kiti kifupi cha kumwinua mtoto ili mkanda wa gari umkae vizuri, haina kazi ndani ya ndege hata kama mtoto amelipiwa nafasi yake. Naanza na hayo mawili kwa sababu ndiyo yanayozua mabishano pale uwanja wa ndege, ambapo mzazi hufika amekumbatia kiti alichokinunua kwa fedha nyingi, akiamini kwamba kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya usalama wa mtoto hakiwezi kukataliwa, kumbe swali la mhudumu wa kaunta si kama kiti ni kizuri bali ni kama kina mahali pa kukaa.

Hapa Mwanza wengi wetu tunakutana na viti hivi kwa mara ya kwanza kwa sababu ya safari. Sheria yetu ya usalama barabarani ya mwaka 1973, ilipotungwa, haikutaja kiti cha mtoto, na mazoea ya barabara ya Kenyatta na ya Makongoro yanajulikana: mtoto amepakatwa kiti cha mbele, au amesimama katikati ya viti vya Noah akimshika baba yake mabega. Kinachonishangaza ni kwamba magari yenyewe tunayaagiza Japani, nchi ambayo tangu Aprili 2000 imewataka wazazi wawaweke watoto wa chini ya miaka 6 katika viti vyao. Gari linakuja na mikanda yake yote, sisi tunaifunika kwa vitambaa vya kupamba viti. Nitarudi kwenye vitambaa hivyo, maana vina uhusiano na safari ya ndege kuliko inavyoonekana.

Nina watoto wawili, mkubwa wa miaka sita na mdogo ambaye hakuwa ametimiza miwili tuliposafiri kwenda Ujerumani kwa dada yangu. Umri huo wa pande mbili ulinilazimisha kujifunza habari za viti vya aina zote mbili, na nitaeleza kwanza kuhusu busta kwa sababu habari yake ni fupi.

Busta haimshiki mtoto. Kazi yake ni kumwinua tu, ili mkanda wa gari wenye sehemu mbili, ule wa kiunoni na ule wa begani, upite kwenye nyonga na katikati ya bega badala ya kupita tumboni na shingoni. Sasa kiti cha abiria katika ndege kina mkanda wa kiunoni peke yake. Mtoto akiinuliwa juu ya busta na kufungwa mkanda huo mmoja, kifua chake kinabaki huru, kiwiliwili kinaweza kujikunja mbele kwa nguvu, na busta yenyewe inaweza kuteleza chini yake. Ndiyo sababu kanuni za mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, zinakataza busta isitumike ndege inapotembea uwanjani, inapopaa na inapotua, na mashirika mengi ya nchi nyingine yanashika msimamo huohuo. Mtoto wa umri wa busta anakaa moja kwa moja kwenye kiti cha ndege, mkanda unashushwa hadi kwenye nyonga na kukazwa, basi. Busta isiyo na mgongo ina uzito mdogo, inaingia kwenye begi la mgongoni pamoja na nguo za kubadilisha, na hapo inasubiri gari la upande wa pili. Viko pia viti vya kuchanganya, vyenye mikanda yake ya ndani kwa mtoto mdogo, ambavyo baadaye mikanda hutolewa vikawa busta. Hivyo vinaruhusiwa angani maadamu mikanda ya ndani ipo na mtoto bado yuko ndani ya uzito ulioandikwa.

Kiti chenye mikanda yake ya ndani ndicho chenye maneno mengi. Ili kikubaliwe ndani ya ndege, lazima kiwe na lebo ya kuthibitisha kwamba kimepimwa, na lebo hizo hazifanani. Kiti kilichotengenezwa kwa soko la Marekani huwa na maandishi mekundu ya Kiingereza yanayotamka kwamba kimethibitishwa kutumika katika magari na katika ndege pia. Kiti cha Ulaya kina lebo ya Umoja wa Mataifa, yenye herufi E ndani ya duara na namba ya kanuni, ama R44, inayopanga viti kwa uzito wa mtoto, ama R129, inayovipanga kwa urefu wake. Baadhi ya viti vya Ulaya vimepimwa zaidi na taasisi ya Ujerumani ya TÜV Rheinland, vikapewa alama maalumu ya kutumika ndani ya ndege, na yapo mashirika ya Ulaya yanayoipendelea alama hiyo kuliko lebo ya gari peke yake. Kwa hiyo, kabla ya kununua kiti, ni vyema kujua kwanza utapanda ndege za nani, kisha usome ukurasa wao wa watoto, kwa maana kiti kinachopita bila swali kwenye ndege ya Marekani kinaweza kusimamishwa kwenye ya Ulaya.

Hapo ndipo viti vya mitumba vinapotia wasiwasi. Ukizunguka soko la Mlango Mmoja siku ya bidhaa mpya unaweza kubahatika kukuta kiti cha kampuni kubwa kwa bei ambayo dukani ungeitafuta usiipate, na sioni aibu kukitamani. Lakini kigeuze. Tazama chini ya kitako na nyuma ya mgongo, mahali lebo inapobandikwa, na mara nyingi utakuta mabaki ya gundi tu, karatasi imechunwa au imefutika. Pembeni, kwenye plastiki yenyewe, kuna alama ya duara yenye mshale katikati na namba zinazolizunguka: mshale unaelekeza mwezi, na namba mbili za katikati ni mwaka wa kutengenezwa. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa kati ya miaka 6 na 10, kwa sababu plastiki huchoka kwa jua na joto, na kiti kilichokaa miaka kadhaa kwenye gari la mtu, kisha miezi ndani ya kontena, kimekwisha kula sehemu kubwa ya umri wake. Jambo ambalo muuzaji hawezi kukujibu, hata akiwa mkweli namna gani, ni kama kiti kiliwahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali. Kwa matumizi ya hapa mjini, Buzuruga hadi Nyegezi, naweza kuelewa mzazi anayesema kiti cha mtumba ni afadhali kuliko mapaja. Kwa ndege, kiti kisicho na lebo hakina mjadala. Mhudumu akikikataa, yuko sahihi.

Sasa tuje kwenye mapaja. Mashirika karibu yote humruhusu mtoto wa chini ya miaka 2 asafiri amepakatwa, na kwenye safari za kimataifa nauli yake mara nyingi huwa asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Nilipomweleza mama mkwe wangu kule Igoma kwamba tunamlipia mdogo nafasi kamili, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, mtoto ana mapaja ya mama yake, tiketi ya nini?" Nikamjibu kwa adabu, "Ni kweli mama, ila mapaja hayana mkanda." Akacheka, lakini hakukubali, na sikumlaumu, kwa sababu bei ni bei.

Hesabu yenyewe ndiyo iliyoniamulia. Ndege inapopunguza mwendo kwa ghafla kwa nguvu iliyo mara 9 ya mvutano wa dunia, mtoto wa kilo 10 anavuta mikono ya mzazi kwa uzito wa kilo 90, na kilo 90 ni karibu gunia zima la mahindi. Hakuna mzazi anayeweza kulizuia gunia la mahindi linaloruka kutoka mapajani mwake, hata angekuwa na mapenzi ya namna gani. Julai 19, 1989, ndege ya United namba 232 ilipotua kwa dharura Sioux City nchini Marekani ikiwa imepoteza uwezo wa kuongozwa, walikuwamo watoto wanne waliopakatwa, na kwa utaratibu wa wakati huo wazazi waliagizwa kuwalaza sakafuni. Mmoja wao alikufa. Mhudumu mkuu wa ndege hiyo, Jan Brown, aliyekuwa ametoa agizo hilo kama alivyofundishwa, alinusurika, na baadaye akatumia miaka mingi kuitaka serikali ilazimishe kila mtoto awe na kiti chake, akiungwa mkono na bodi ya uchunguzi wa ajali ya nchi hiyo.

FAA haikukubali, na sababu yake inastahili kusikilizwa kabla ya kulaumiwa. Ilisema kwamba familia zikilazimishwa kununua tiketi ya ziada, nyingine zitaacha ndege na kwenda kwa gari, na kwa kuwa barabara huua zaidi kuliko anga, watoto watakaokufa watakuwa wengi kuliko watakaookolewa. Msimamo huo ulirudiwa mwaka 2005, huku mamlaka yenyewe ikiendelea kuwahimiza wazazi kwa nguvu watumie viti. Mimi naona hoja hiyo ina uzito zaidi kwetu kuliko kwao. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara, kupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro, ni zaidi ya kilometa 1,100, na mzazi anayeamua kupanda basi kwa sababu hakuweza kumudu tiketi ya pili amemtoa mtoto kwenye hatari ndogo na kumpeleka kwenye kubwa. Kama fedha hazitoshi, mpakate, uende kwa ndege. Kama zinatosha, mkatie.

Ukimpakata, utakutana na tofauti nyingine ya nchi na nchi. Mashirika ya Ulaya hutoa mkanda mdogo wa ziada unaopitishwa kwenye mkanda wa mzazi na kumzunguka mtoto tumboni. Marekani huukataza usitumike ndege inapopaa na kutua, kwa hoja kwamba mwili wa mzazi utambana mtoto dhidi ya mkanda. Mkanda huo ukipewa, fungua na kufunga mara kadhaa kabla ndege haijaondoka, mpaka vidole vyako vijue kipi ni cha mtoto na kipi ni chako. Vivyo hivyo, mbeleko itafunguliwa. Mama wa hapa anapanda ndege mtoto akiwa mgongoni au kifuani ndani ya kanga, na mhudumu atamwomba amtoe kabla ya kupaa. Si dharau, ni kwamba kanga haikupimwa kwa mshtuko, na mtoto aliyefungwa kifuani yuko kati ya mzazi na kiti cha mbele. Ndege ikishatulia angani mrudishe, atalala vizuri kuliko kwenye kifaa chochote cha dukani. Uliza pia jaketi la kuokolea la mtoto mchanga linahifadhiwa wapi. Sisi wa kanda ya ziwa, tangu ile ajali ya Bukoba ya Novemba 6, 2022, ambapo watu 19 kati ya 43 walipoteza maisha ndani ya maji, hatuhitaji kuelezwa kwa nini swali hilo linaulizwa.

Kuna jambo la hewa ya kwetu. Ajali ni nadra sana. Kinachomrusha mtoto kutoka mikononi mara nyingi zaidi ni mtikisiko wa hewa, na Ziwa Victoria lina desturi yake ambayo wavuvi wa dagaa wanaijua bila kufundishwa. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu hukutana katikati na kupanda, na radi hupiga juu ya maji mpaka alfajiri. Mchana mambo hugeuka, mawingu makubwa yakajijenga upande wa nchi kavu. Marubani huzunguka mawingu hayo, lakini pembeni mwake bado kuna mtikisiko, hasa miezi ya masika na ya vuli, na safari ya Dar es Salaam ya saa moja na nusu hivi inaweza kuwa na nusu saa nzima ya taa ya mkanda kuwaka. Mtoto aliyefungwa kwenye kiti chake anaendelea kulala, na mzazi anapata mikono miwili ya kushika chai, jambo ambalo wauzaji wa viti hawalitangazi ila mimi nalihesabu.

Upangaji wa tiketi huanzia kwenye simu, kwa kuwa mifumo mingi ya kununua tiketi mtandaoni humchukulia mtoto wa chini ya miaka 2 kuwa wa kupakatwa na haikupi nafasi ya kusema vinginevyo. Piga ofisi ya shirika au nenda kwa wakala, useme wazi kwamba mtoto mchanga anataka nafasi yake na atakaa kwenye kiti chake cha gari, kisha uulize aina ya ndege. Ndege zinazotua Mwanza zimekuwa za namna mbalimbali: ATR na Dash 8 zenye pangaboi, ambazo zina viti viwili kila upande, na Airbus A220 yenye viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili. Pima upana wa kiti chako mahali kilipo kipana kuliko pote. Kisichozidi sentimita 40 hivi huingia kwenye viti vingi vya daraja la kawaida. Omba dirishani, kwa kuwa kiti hakiruhusiwi kumzibia abiria mwingine njia ya kutoka, na kwa sababu hiyohiyo hakikai safu ya mlango wa dharura wala, kwa kawaida, safu inayoipakana mbele na nyuma. Kama mtoto atatimiza miaka 2 katikati ya safari, uliza kuhusu tiketi ya kurudi, maana mashirika mengi yatamhesabu kuwa wa kulipiwa nafasi kuanzia siku hiyo. Yote utakayokubaliana nayo, omba yaandikwe kwa barua pepe, uichape.

Karatasi hiyo niliihitaji. Katika mojawapo ya ndege tulizounganisha, ambayo sitaitaja, mhudumu kijana alitupokea mlangoni akasema, "Dada, hicho kiti kishuke kwenye mizigo." Nikamwambia mtoto ana nafasi yake iliyolipiwa. Akasisitiza. Nikamwomba kwa upole amwite kiongozi wake, nikakigeuza kiti pale pale kwenye ujia huku abiria wakijazana nyuma yetu, nikamwonyesha lebo, mume wangu akatoa ile karatasi. Yule kiongozi alisoma vyote viwili, akatuomba radhi, akatusindikiza hadi dirishani. Bila lebo tungeshindwa. Bila karatasi tungechelewesha ndege.

Kwenye uwanja wetu abiria hutembea kwa miguu mpaka kwenye ngazi za ndege, na hapo kiti cha kilo kadhaa, begi, na mtoto anayetaka kukimbilia mabawa vinakuwa ugomvi. Nilichofanya ni kumwacha mdogo atembee ameshikwa mkono na baba yake, nikakifunga kiti mgongoni mwangu kwa kanga, fundo juu ya kifua, na mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akageuka akauliza, "Mwenzangu, mtoto yuko wapi humo?" ATR huingiwa kwa mlango wa nyuma na ujia wake ni mwembamba, hivyo kiti kibebwe juu ya vichwa vya viti, mgongo wake ukitangulia. Ukiweza kuingia mapema, ingia.

Kukifunga si kazi ngumu. Vile vishikizo vya chuma vya ISOFIX, vinavyokinasa kiti kwenye gari, havina pa kushika ndani ya ndege, kwa hiyo kiti kinashikwa na mkanda wa kiunoni unaopitishwa kwenye tundu zilezile ambazo mkanda wa gari ungepita. Weka goti kwenye kitako chake, uegemee, vuta ncha ya mkanda mpaka kiti kisicheze. Kabla ya kukaza, geuza kufuli ya mkanda ili kile kifuniko cha kuinua kitazame nje, upande unaofikika na vidole, la sivyo itabanwa kati ya plastiki na mgongo wa kiti cha ndege na kukitoa baada ya kutua kutakuwa shida. Kufuli ikikaa mahali panapomchoma mtoto mgongoni, mwombe mhudumu kipande cha kuongezea mkanda, nayo itasogea pembeni. Mtoto mchanga anayetazama nyuma anaruhusiwa kukaa hivyo hivyo, ila abiria wa mbele hataweza kulaza kiti chake. Mwambie mapema, kwa salamu, na ikiwezekana abiria huyo awe mtu wa familia yako.

Kwa mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa kidogo lakini bado ni mdogo kwa mkanda mtupu, kuna mkanda maalumu uitwao CARES, ulioidhinishwa na FAA, unaozungushwa kwenye mgongo wa kiti cha ndege na kumpa mtoto mikanda ya mabegani. Ni wa watoto wa kilo 10 hadi 20, wasiozidi urefu wa sentimita 100, una uzito wa nusu kilo hivi na unaingia kwenye mkoba. Kasoro yake ni kwamba haufai kabisa kwenye gari, na kwa familia inayokwenda kupokewa na gari hiyo ni kasoro kubwa. Tena nje ya Marekani lazima uliulize shirika kwanza.

Ukiamua kiti kiende kwenye mizigo, mashirika mengi hukipokea bila malipo, kimoja kwa kila mtoto. Tatizo ni namna mizigo inavyorushwa. Kitie kwenye mfuko mkubwa wa shangazi kaja, ukizungushie mablanketi na nguo za watoto, jambo litakalokupunguzia pia begi moja. Ukikipokea, usitosheke na kutazama nje. Vua kitambaa chake, utazame ile sponji ngumu nyeupe iliyo chini, kwani ndiyo inayonyonya mshtuko na ndiyo inayopasuka bila ganda la nje kuonyesha dalili. Kukikabidhi kwenye ngazi ya ndege ni afadhali kuliko kaunta, kwa sababu kinapita mikono michache.

Halafu kuna nchi unayokwenda, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema acha kila kitu nyumbani, utakodi huko. Ujerumani mtoto wa chini ya miaka 12 mwenye urefu usiofika sentimita 150 lazima awe kwenye kiti au busta ndani ya gari. Uingereza ni mpaka miaka 12 au sentimita 135. Marekani kila jimbo lina sheria yake. Kiti chenye lebo ya Marekani pekee hakikubaliwi kisheria katika magari ya Uingereza na ya Umoja wa Ulaya, na cha Ulaya hakikubaliwi Marekani, hata kama vyote viwili vimeruka salama kwenye ndege moja. Kampuni za magari hukodisha viti, ila hujui kimepitia nini, na mara nyingine unapewa bila kitabu cha maelezo. Ndugu yako akikuazima kiti ambacho watoto wake wamekikulia, nacho bado hakijafikia ukomo, hicho nakiamini zaidi. Dada yangu alikuwa na kiti cha mdogo tayari, lakini tulihitaji chetu angani, kwa hiyo tulikibeba. Kwa mkubwa tulibeba busta kwenye begi, naye akaitumia toka tulipotoka uwanja wa ndege.

Ukirudi Mwanza, kiti hakifungiki kwenye bajaji, na sijaona namna. Panga teksi, na usisubiri kuitafuta uwanjani usiku, watoto wakiwa wamechoka. Mpigie dereva siku moja kabla, umwambie kwamba unataka gari ambalo mikanda ya nyuma inafanya kazi, na kwamba avivue vile vitambaa vya kupamba viti, aingize mkono kati ya kitako na mgongo wa kiti cha nyuma, azitoe kufuli za mikanda zilizozama humo tangu gari lilipotoka bandarini, kisha achomeke mkanda kila upande asikie ukilia. Akikwambia nafasi ya katikati ina mkanda wa kiunoni peke yake, sema sawa, hapo atakaa mtu mzima. Busta ya mkubwa iende pembeni upande mmoja, na kiti cha mdogo pembeni upande wa pili.